Jinsi ya Kusawazisha Sauti ya Redio ya Gari Kati ya FM, Flashi, Simu na Waya wa Aux

Dereva anayesikiliza taarab ya zamani kutoka kwenye flashi huongeza sauti hadi 28 ili aisikie ganuni vizuri, na saa ya taarifa ya habari inapofika anabonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo, tangazo la FM likalipuka kwa kishindo na kumshtua mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Hili lilinipata nikiwa katikati ya kipilefti, bodaboda zikipita kushoto na kulia, na kwa muda niliokuwa nikitafuta kitufe cha sauti sikuwa nikiitazama barabara. Tangu siku hiyo nimeacha kuliona kama kero ndogo ya kuvumiliwa, kwa sababu linarekebishika, na mara nyingi halihitaji kununua kitu chochote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kitufe cha sauti kipo mwisho wa safari. Kila chanzo, iwe ni FM, flashi, simu kwa njia ya Bluetooth au waya wa aux (ule unaounganisha tundu la vipokea sauti la simu na redio), huingia kwenye redio kikiwa na nguvu yake, na kitufe hukuza kile tu kilichokwisha kuingia. Kwa hiyo anayezungusha kitufe kila anapobadilisha chanzo anatibu matokeo, ilhali dawa ni kuvifikisha vyanzo vyote kwenye kitufe hicho vikiwa na nguvu moja. Kwa masikio ya watu wengi, tofauti ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) husikika kana kwamba sauti imeongezeka mara mbili, na wimbo wa zamani uliorekodiwa kutoka kwenye kanda unaweza kuachana na matangazo ya FM kwa kiasi hicho au zaidi.

FM ndiyo inayofaa kuwa kipimo cha vyanzo vingine vyote. Vituo vya redio hupitisha matangazo yao kwenye mitambo inayoinua sauti za chini na kuzizuia za juu zisivuke mpaka, na ndiyo maana msomaji wa habari, tangazo la sabuni na wimbo mpya hutoka kwa nguvu zinazokaribiana. Ukiwa ndani ya gari huna namna ya kubadilisha kazi hiyo ya kituo, kwa hiyo ni busara kukiacha kisichobadilika kiwe kipimo na kuvisogeza vile unavyoweza kuvisogeza. Watengenezaji kama Pioneer na JVC nao wamefuata njia hiyo, kwani menyu zao za kusawazisha hulinganisha kila chanzo na FM.

Maandalizi

Egesha gari mahali palipo wazi na kimya, funga vioo, zima feni na kiyoyozi. Kazi hii huchukua kama nusu saa, na redio inayopigwa muda huo wote huku injini imezimwa inaweza kuidhoofisha betri iliyochoka, hivyo ni vyema injini iwe inanguruma taratibu, ila si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa gari huua.

Ndani ya menyu ya redio, zima kwanza kila kinachobadilisha sauti chenyewe. Rudisha ekwalaiza, yaani sehemu ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, katikati na uzime kile kitufe cha kukuza besi sauti inapokuwa chini. Magari mengi ya Toyota yana mpangilio unaoandikwa ASL, ambao huongeza sauti kadiri mwendo unavyoongezeka ili kushindana na kelele za matairi na upepo. Mpangilio huo ni mzuri barabarani, lakini wakati wa kusawazisha unatakiwa uzimwe, na nimewahi kumwona mtu aliyedhani redio yake ina hitilafu ya chanzo kimoja kumbe alikuwa akisikiliza flashi mjini na Bluetooth kwenye barabara kuu. Zima pia ekwalaiza ya simu, kwa sababu programu nyingi za muziki zina ya kwao iliyojificha ndani ya mipangilio.

Kisha chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye sauti ya mwimbaji isiyopanda na kushuka sana, uweke kwenye flashi, na faili hiyohiyo iwemo kwenye simu. Bila kufanya hivyo utakuwa unalinganisha nyimbo, wala si vyanzo. Ukiwa na simu ya pili, pakua programu ya kupima kelele na uiweke simu hiyo juu ya kiti, kwenye kimo cha kichwa cha dereva. Namba inayoonyeshwa na simu haina usahihi wa kifaa cha maabara, ila tofauti kati ya namba mbili zilizopimwa na simu ileile mahali palepale inaaminika vya kutosha kwa kazi yetu. Soma wastani wa kama nusu dakika, usisome kilele cha ngoma moja.

Anza na FM. Tafuta kituo kinachoshika bila mikwaruzo, subiri mtangazaji azungumze, weka sauti kwenye kiwango unachokitumia kwa kawaida, tuseme 18, uandike namba ya kipimo. Kuanzia hapo kitufe cha sauti hakiguswi tena hadi kazi iishe.

Simu kwa njia ya Bluetooth

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na chanzo chake karibu siku zote ni kuwepo kwa vidhibiti viwili vya sauti vilivyofuatana, kimoja kwenye simu na kingine kwenye redio. Simu ikiwa nusu, redio hupokea muziki uliokwisha kupunguzwa, nawe unalazimika kupandisha kitufe hadi 30, na ukirudi FM unapokelewa na kishindo. Kwa hiyo unganisha simu, cheza ule wimbo, pandisha sauti ya muziki kwenye simu hadi mwisho, kisha ulinganishe na FM. Katika magari mengi hatua hiyo peke yake humaliza nusu ya tatizo. Muziki ukianza kupasuka simu ikiwa mwisho kabisa, shusha hatua moja au mbili tu.

Yapo magari ambayo sauti ya simu na ya redio zimefungwa pamoja, ukipandisha huku kule nako kunapanda. Mfungamano huo ukifanya kazi vibaya, Bluetooth hubaki chini hata ufanye nini. Kwenye simu za Android unaweza kuuvunja: ingia kwenye maelezo ya simu, gusa namba ya toleo la programu, ile inayoitwa Build number, mara 7 mfululizo ili chaguo za wasanidi zifunguke, kisha humo ndani tafuta mstari ulioandikwa Disable absolute volume na uuwashe. Ondoa muunganisho na uunganishe upya, na sasa simu itakuwa na kidhibiti chake peke yake, nawe utakipandisha hadi mwisho na kukiacha hapo. Mtumiaji wa iPhone hana chaguo hilo, lakini anayo mengine ya kukagua. Kwenye mipangilio ya Bluetooth, pembeni ya jina la gari, kuna sehemu ya kuchagua aina ya kifaa, na ikiwa simu inaidhani redio kuwa ni vipokea sauti vya masikioni, ule ulinzi wa kupunguza kelele kwa ajili ya masikio unaweza kuibana. Chagua kwamba ni redio ya gari. Baadhi ya simu za Android nazo zina kikomo cha sauti ya muziki, na kikiwekwa na mzazi kwa ajili ya mtoto, watu husahau kwamba kipo.

Programu za kusikilizia muziki mtandaoni nazo zina mkono wao. Spotify katika hali yake ya kawaida husawazisha nyimbo kuzunguka LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti ya wimbo), na Apple Music hulenga -16, yaani chini kidogo, kwa hiyo wimbo uleule unaweza kusikika chini kidogo kwenye programu moja kuliko nyingine. Jambo hili si kasoro, na sishauri usawazishaji huo uzimwe, kwa sababu ukiuzima utakuwa umeondoa tofauti kati ya vyanzo na kuleta tofauti kati ya wimbo na wimbo.

Waya wa aux

Waya wa aux una kanuni ileile, isipokuwa hapa simu inatoa umeme halisi wa sauti, na tundu la vipokea sauti la simu kwa kawaida hutoa chini ya volti 1 wakati mashine ya CD ya nyumbani hutoa kama volti 2. Ndiyo maana aux mara nyingi huwa chini kuliko vyote. Weka simu kwenye asilimia 80 hadi 90, usikilize kama inapasuka, kisha umalizie kwa menyu ya redio kama itakavyoelezwa mbele. Ukiona ala zinasikika lakini mwimbaji amepotea, kana kwamba anaimbia chumba cha pili, usipandishe sauti. Chomoa waya na uuchomeke hadi ulie tik, au ubadilishe waya, kwani pini haijagusa panapotakiwa na redio inapokea tofauti tu kati ya upande wa kulia na wa kushoto, ambapo sauti ya mwimbaji iliyo katikati hujifuta.

Flashi

Kwa flashi, redio husoma faili moja kwa moja, hakuna simu ya kupandisha wala waya wa kubadilisha. Hapa kinachotofautiana ni nyimbo zenyewe. Flashi ya kawaida iliyojazwa kwenye kibanda cha kuuza nyimbo huwa na Bongo Fleva ya juzi iliyobanwa hadi juu, mahubiri yaliyorekodiwa kwa simu, qaswida za miaka ya nyuma na dansi iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda, vyote ndani ya folda moja. Hakuna menyu ya redio itakayoweza kuvisawazisha hivyo, kwa sababu menyu hupandisha au kushusha flashi nzima.

Kazi hiyo ifanyike kwenye kompyuta kabla ya flashi kuingia garini. Kwa faili za mp3 natumia programu ya bure iitwayo MP3Gain, na naipendekeza kwa moyo wote kwa sababu haiutengenezi wimbo upya kama faili nyingine, bali hubadilisha kipimo cha nguvu kilichomo ndani ya faili kwa hatua za desibeli 1.5, kwa hiyo ubora haupungui na kazi inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Lengo lake la kawaida ni desibeli 89. Nakili kwanza folda yako pembeni, ifungue kwenye programu, iagize ichambue nyimbo zote, na utaona orodha ambayo kwa kawaida inatosha kueleza tatizo lote: wimbo mpya una 97, wimbo wa kanda una 84. Nyimbo mpya zitashuka bila madhara. Zile za zamani zinazopandishwa zitazame kwenye safu inayoonya kuhusu kupasuka. Ikiwa onyo limetokea, uache wimbo huo hatua moja au mbili chini ya wenzake, kwa sababu wimbo ulio chini kidogo unavumilika kuliko uliopasuka. Usitegemee programu zinazoandika tu lebo ya usawazishaji pembeni ya faili, kwani redio nyingi za magari hazizisomi lebo hizo. Rekodi zisizo mp3, kama mahubiri yaliyorekodiwa kwa simu, zinaweza kusawazishwa kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuhifadhiwa upya.

Baada ya hapo ndipo upime flashi dhidi ya FM. Huenda ukakuta sasa flashi nzima iko chini kidogo, na hilo ni jema, maana kitu kimoja kilicho chini kwa kiasi kilekile siku zote hurekebishwa kwa menyu mara moja tu.

Magari yaliyotoka Japani na transmita ya FM

Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani, na redio zake zina masharti yake. FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia 76 hadi 90, na redio za karibuni hufika 95, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo gari huwekewa ekspanda kwenye waya wa antena, inayoshusha masafa kwa kiasi maalumu. Ikiwa yako inashusha 14, kituo cha 98.3 utakipata kwenye 84.3. Redio hizo mara nyingi hazina tundu la aux wala Bluetooth ya muziki, na wenye magari hununua transmita ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambayo huchukua muziki wa simu au flashi na kuurusha kama kituo cha FM.

Hapa menyu ya redio haisaidii chochote, na ni muhimu sana kulielewa hili kabla ya kupoteza siku nzima: kwa redio, transmita ni FM kama FM nyingine, kwa hiyo ukishusha FM utavishusha vyote viwili pamoja. Usawa unapatikana kabla ya transmita. Nyingi zina vitufe vya sauti vyake. Pandisha simu hadi kama asilimia 80, kisha pandisha sauti ya transmita hatua kwa hatua huku ukilinganisha na kituo halisi, hadi vilingane au hadi muziki uanze kukwaruza kwenye herufi s na sh. Ukifika hapo rudi hatua moja. Transmita iliyolishwa sauti kupita kiasi hupasua, na ukiilisha kidogo mno husikika pamoja na mvumo wa nyuma. Chagua masafa ambayo hayana kituo hata kwa mbali, na kumbuka hesabu ya ekspanda unapoyatafuta kwenye redio, kwa kuwa transmita iliyowekwa 88 kwenye gari lenye ekspanda huenda ikashushwa hadi nje ya eneo ambalo redio inaweza kusoma.

Jambo jingine linalohusu FM hasa: redio nyingi hupunguza sauti zenyewe mawimbi yanapodhoofika ili kuficha mikwaruzo. Kama FM iko sawa mjini lakini inafifia ukitoka nje ya mji, usiguse mipangilio uliyoiweka. Kagua antena na ekspanda.

Menyu ya redio yenyewe

Sasa, vyanzo vikiwa vimesafishwa, kinachobaki ni tofauti ndogo, na hiyo ndiyo kazi ya menyu. Kwenye redio za Pioneer tafuta SLA ndani ya mipangilio ya sauti, na nyingi hutoa nafasi ya hatua kadhaa juu na chini ya sifuri. Kwenye JVC huandikwa Volume Adjust au kifupi chake, na kwenye Kenwood Volume Offset. Kote huko lazima uwe umechagua chanzo unachotaka kukirekebisha kabla ya kuingia kwenye menyu. Ukiwa kwenye FM, chaguo hilo mara nyingi halionekani kabisa, na watu hukata tamaa wakidhani redio yao haina.

Shusha kilicho juu kabla ya kupandisha kilicho chini. Sauti inayopandishwa ndani ya redio huikaribia ile nguvu ambayo redio haiwezi kuipita, na ukifikisha kitufe 30 siku moja, itapasuka na kuzichosha spika ndogo za juu. Badilisha hatua moja, sikiliza nusu dakika, rudi FM, rudi kwenye chanzo. Tofauti ikibaki desibeli 2 au chini ya hapo, iache, kwani tofauti kati ya wimbo na wimbo itaizidi. Redio nyingi zilizokuja na gari kutoka kiwandani hazina menyu hii, na kwa hizo kila kitu kinabaki kwenye simu na kwenye faili.

Kama gari lina amplifaya, usijaribu kusawazisha kwa kifundo chake cha nguvu, kwa sababu kinavipandisha vyanzo vyote kwa pamoja. Ila kagua kilivyowekwa. Fundi akikiweka huku akisikiliza chanzo dhaifu, kila chanzo chenye nguvu kitapasuka baadaye. Kinapaswa kuwekwa kwa chanzo chenye nguvu kuliko vyote, baada ya usawazishaji, wala si kabla.

Sauti ya simu inayopigwa na ya ramani huhifadhiwa peke yake, na hubadilika tu wakati ule inaposikika. Mwombe mtu akupigie, urekebishe mazungumzo yakiendelea. Kwa ramani, anzisha safari ya uongo ukiwa umeegesha na usubiri maelekezo. Google Maps ina chaguo lake la sauti ya juu, ya kawaida au ya chini.

Ukiwa umemaliza, andika kwenye karatasi kila namba: SLA ya flashi, ya Bluetooth, ya aux, asilimia ya simu, sauti ya transmita. Iweke karatasi hiyo kwenye kishubaka cha dashibodi pamoja na kadi ya gari, kwa sababu siku betri itakapotolewa gereji, redio nyingi hurudi sifuri, na utahitaji dakika 2 za kuingiza namba badala ya nusu saa nyingine ya kusikiliza wimbo uleule.